Hofu Ilipobeba Kapu

Jumatatu tarehe 16 Machi 2020, Waziri wa Afya alipotangaza kuwa mgonjwa wa kwanza wa korona ameonekana nchini, huko Arusha, mimi nilikuwa kazini Chang'ombe nikingojea saa ya kutoka. Sikumbuki mengi ya maneno yake. Nakumbuka kwamba katika daladala jioni ile alikohoa mtu mmoja tu, naye akajieleza kwa abiria wote kuwa ni vumbi la barabarani. Na nakumbuka kwamba gari nililopanda halikuwa la kwenda nyumbani Mbagala. Nilipanda la Kariakoo.

Nilipofika nyumbani ilikwisha timu saa tatu ya usiku, nami nikiwa ndani ya bajaji iliyolalia ubavu mmoja kwa uzito. Nilishusha kiroba cha sukari cha kilo 25, kiroba cha sembe cha kilo 25, dumu la mafuta ya kupikia la lita 10, sabuni za miche na za unga, chupa nne za vitakasa mikono, na barakoa ishirini ambazo muuzaji alizihesabu mbele yangu mojamoja kama noti. Jumla nilitumia shilingi 208,500. Watoto walishangilia, maana wao walidhani ni sikukuu. Mama yao hakushangilia.

"Baba watoto," aliuliza kwa ule upole unaotisha kuliko kelele, "tuna msiba au tuna harusi?"

Nilimweleza ya Italia: kwamba watu wamefungiwa majumbani nchi nzima, kwamba kesho huenda na sisi tukafungiwa, kwamba mwenye busara hujitayarisha. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Nimekuelewa. Na fedha zimetoka wapi?"

Fedha zilitoka kwenye simu, katika akiba ya pango. Wapangaji wenzangu wa Dar es Salaam wanaijua vyema adha ya kulipa miezi sita kwa mkupuo. Sisi tulikuwa tunadaiwa shilingi 480,000 ifikapo tarehe mosi Mei, nasi tulikwisha kuweka 400,000 kwa kujinyima toka mwezi wa Novemba. Nusu ya jasho hilo sasa ilikuwa imepangwa ukutani, sebuleni, ikinuka sabuni.

Ndugu msomaji, nayaeleza haya ya nyumbani kwangu kwa kuwa najua hayakuwa ya nyumba yangu peke yake. Wiki ile mtaa mzima ulikuwa unabeba vitu. Jirani wa kushoto alinunua mkaa magunia matatu, akakosa mahali pa kulala mbuzi wake. Jirani wa kulia, mwalimu wa shule ya binafsi, alinunua ndoo mbili zenye koki na kuziweka mlangoni, moja ya wageni, moja ya ndugu; tofauti baina ya wageni na ndugu hakuieleza. Tangu hapo nimekuwa nikijiuliza: kwa nini mtu mwenye akili timamu, anayejua kukaa na shilingi yake mwaka mzima, huivunja akiba kwa jioni moja? Jibu nililolipata limenifunza kuwa na subira na watu, nami mwenyewe nikiwamo.

KINACHOMPELEKA MTU DUKANI

Mwili wa binadamu unapohisi hatari, tezi zilizo juu ya figo humwaga katika damu kemikali za kuutayarisha kupambana ama kukimbia. Mojawapo ni ile iitwayo kotisoli. Moyo hudunda, usingizi hupungua, na fikra husinyaa zikaona jambo moja tu lililo mbele. Matayarisho hayo yalimfaa sana mtu aliyekutana na simba njiani. Lakini maradhi yasiyoonekana hayapigwi rungu, wala hayakimbiwi. Damu imekwisha chemka, mikono haina la kufanya. Hapo ndipo mtu hutafuta tendo lolote lenye mwanzo na mwisho, tendo ambalo akilimaliza ataweza kujiambia: nimefanya. Kununua ni tendo la namna hiyo. Unatoa fedha, unapokea kitu, unakibeba, unakiweka mahali pake. Kwa muda wa saa nzima dunia inakutii.

Mwaka 2016, yaani miaka minne kabla ya korona, watafiti wawili wa vyuo vikuu vya Marekani, Kristina Durante na Juliano Laran, walichapisha uchunguzi wao juu ya jambo hili hili. Waliona kwamba mtu aliyesongwa na mawazo kwa kawaida hubana fedha zake zaidi kuliko mtu aliyetulia. Lakini mtu huyo huyo hulegeza mkono mbele ya vitu anavyoviona kuwa ni vya lazima, kwa sababu vitu hivyo humpa hisia kwamba bado anayatawala maisha yake. Nilipousoma ufafanuzi huo nilicheka peke yangu. Mwezi ule wa Machi nilikataa kumpa mwanangu shilingi 500 za karanga, nikiwa nimetoka kulipa 30,000 za barakoa. Kumbe kubana na kumwaga ni tabia za mkono mmoja.

Italia nako, mwezi wa Aprili 2020, nchi ingali imefungwa, watafiti waliwahoji watu 3,833 juu ya ununuzi wao, na matokeo yakatolewa mwaka 2021. Yaliyoonekana ni kuwa wasiwasi na hofu ya ugonjwa viliwasukuma watu kununua mahitaji ya lazima zaidi ya walivyozoea. Na huzuni nzito, ile ya mtu kukata tamaa, ndiyo iliyokwenda pamoja na kununua vitu visivyo vya lazima. Wenye hofu huwaza unga, wenye majonzi huwaza viatu. Tutayarudia hayo ya majonzi baadaye, maana kwetu yalichelewa kidogo kufika.

Swali la nini hasa ni cha lazima hujibiwa na kila jamii kwa njia yake. Katika nchi nyingi za Ulaya, Australia na Asia ya Mashariki watu walikimbilia karatasi za msalani. Huko Hong Kong, tarehe 17 Februari 2020, majambazi wenye visu walimtishia mpeleka mizigo na kuondoka na karatasi hizo mikunjo 600. Sisi tunaotumia maji tulizisoma habari hizo kwa kicheko, lakini kicheko hicho hakikudumu, kwani sisi tulikuwa na ndimu zetu.

Hata hilo la karatasi halikuwa geni. Mwaka 1973, vita vya Mashariki ya Kati vilipopandisha bei ya mafuta, ulizuka uvumi nchini Japani kwamba karatasi zitaadimika. Mwanzoni mwa Novemba akina mama wa kitongoji kimoja karibu na Osaka walipanga foleni mbele ya duka, wakazimaliza zote. Picha zao zikatoka magazetini. Punde nchi nzima ikapanga foleni. Viwanda vilikuwa vinafanya kazi kama kawaida. Karatasi ziliisha kwa sababu watu waliamini kuwa zitaisha. Hapo pana jambo la kutisha kidogo: aliyewahi foleni siku ile hakuwa mjinga. Maadamu wengine wote wananunua, asiyenunua ndiye atakayelala bila. Hofu ya mmoja huwa busara ya wa pili, na busara ya wa pili huwa njaa ya wa tatu.

MICHE YA SABUNI YA MAMA

Kwetu Tanzania kuna sababu nyingine iliyo ndani zaidi. Wako miongoni mwetu, na si wachache, waliozikulia foleni. Baada ya vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, na kupanda kwa bei ya mafuta duniani, taifa lilikosa fedha za kigeni, na miaka ya mwanzo ya themanini sabuni, sukari, dawa ya meno na khanga vikawa vitu vya kunong'onezana. Mtu akiona foleni alisimama kwanza, ndipo akauliza kinachouzwa. Neno mlanguzi likawa tusi kubwa kuliko mwizi. Mwaka 1983, Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine alipoongoza msako wa wahujumu uchumi, wako walioogopa hata kile kidogo walichokuwa nacho chini ya uvungu, wakakitupa usiku.

Marehemu mama yangu hakutupa. Aliificha miche sita ya sabuni ndani ya sanduku la nguo, na toka mwaka ule mpaka alipofariki sanduku lile halikukosa sabuni. Maduka yalipojaa tena, yeye aliendelea. Alitumia iliyo ya zamani, akaweka mpya. Tukimtania hujibu: "Ninyi hamjui." Siku tulipogawana vitu vyake nilichukua miche miwili, mikavu kama mawe, nikaja nayo mjini. Sikujua kwamba nilikuwa nimechukua pia na ule wasiwasi wake. Ile jioni ya Kariakoo, nilipoiona tu foleni mbele ya duka la jumla, miguu ilisimama yenyewe. Sikuuliza kwanza kinachouzwa.

NDIMU, TANGAWIZI NA MLANGO WA GENGENI

Baada ya hofu ya njaa ilifuata ya ugonjwa wenyewe, nayo ikaingia gengeni. Kila mwenye simu alikuwa tabibu. Ndimu, limau, tangawizi, kitunguu saumu, pilipili kichaa, majani ya mwarobaini ya kujifukizia. Ilikuwa vigumu kupita uchochoroni usikutane na harufu ya nyungu. Gengeni kwetu ndimu ya shilingi 100 ilipanda ikawa 200, kisha 300, na kwa siku kadhaa za mwezi wa Aprili ikawa 500, tena ndogo, ngumu, isiyo na maji. Tangawizi iliyokuwa ikiuzwa kwa fungu ikaanza kupimwa kwenye mizani.

Sisemi haya kwa kuwadharau waliojifukiza. Mimi nami nilifunikwa blanketi nikatoka jasho, na nilihisi nafuu ya kifua, ingawa mvuke hauviui virusi vilivyokwisha kuingia mwilini. Jambo la kutazama ni namna mtu anavyonunua dawa ya ugonjwa ambao hana. Wakati wa homa kuu ya mwaka 1918, mauzo ya dawa ya kuchua ya Vicks VapoRub nchini Marekani yaliruka kutoka dola 900,000 hadi dola milioni 2.9 kwa mwaka mmoja tu, ilhali haikuwa tiba ya homa ile. Iliwapa watu kitu cha kujipaka kifuani. Usiku ni mrefu kwa mtu asiye na cha kufanya.

Na palipokosekana habari, bei ikawa habari. Baada ya mwisho wa Aprili 2020 idadi ya wagonjwa wa nchi nzima haikutangazwa tena kwa utaratibu kwa zaidi ya mwaka mmoja. Mtaani kwetu watu waliizoea hali hiyo kwa kusoma gengeni: ndimu ikipanda walisema hali ni mbaya, ikishuka walishusha pumzi. Nilimsikia mzee mmoja akimuuliza muuza genge, kwa dhati kabisa, "Leo maradhi yamekaaje?"

Aliyeumia zaidi kwa bei hizo ni mtu ambaye hakuwa na hofu ya kupindukia wala dawa ya kununua: mama lishe. Yeye huhitaji ndimu na tangawizi siku zote, kwa supu na kwa chai. Mama anayetupikia karibu na kazini aliacha kabisa kuweka ndimu mezani, akawa anaikata vipande sita na kumpa kila mteja kimoja mkononi kama dawa. Sahani aliendelea kuiuza kwa bei ile ile, kwani wateja wake ni vibarua na wapagazi, nao hawakuongezwa ujira kwa sababu ya korona. Tofauti ya bei aliibeba yeye. Laiti ningejua, wakati nikijaza kapu langu la ndimu arobaini, kwamba nilikuwa naweka mkono katika mfuko wa mwanamke huyo. Ndimu zenyewe, niseme ukweli, kumi na saba zilioza.

Jirani zetu wa Kenya walipata msukosuko kama huo. Mgonjwa wao wa kwanza alitangazwa Ijumaa tarehe 13 Machi 2020, na kabla ya jua kuchwa maduka makubwa ya Nairobi yalikwisha furika. Bei ya vitakasa mikono ilipanda mara moja, hata mamlaka ya ushindani ya nchi hiyo ikaliamuru duka moja kuwarudishia wateja fedha walizozidishiwa. Ni hatua njema, ila mwenye risiti ndiye aliyerudishiwa. Anayenunua kwenye meza ya barabarani hana risiti.

WASIOWEZA KULIMBIKIZA

Tunapozungumza juu ya ununuzi wa hofu, aghalabu tunamzungumzia mtu mwenye cha kununulia. Sehemu kubwa ya wakazi wa miji yetu hununua kwa siku: unga nusu kilo, sukari robo, mafuta ya kupima kwa kibaba. Mtu huyo hawezi kulimbikiza hata akitetemeka kwa hofu, kwani fedha ya kesho atapewa kesho. Yeye huja gengeni baada ya sisi kuondoka, akakuta bei tuliyoiacha nyuma yetu.

Na mwaka ule fedha ya kesho ilikatika kwa wengi. Watalii waliofika Tanzania mwaka 2019 walikuwa 1,527,230. Mwaka 2020 walikuwa 620,867. Nyuma ya tarakimu hizo wako wapishi wa hoteli za Zanzibar, madereva wa Arusha, wachuuzi wa vinyago, na ndugu zao wa mijini na vijijini waliozoea kuletewa kidogo kila mwezi. Shule zilifungwa katikati ya Machi, na wanafunzi wengi hawakurudi madarasani mpaka tarehe 29 Juni. Jirani yangu mwalimu, yule wa ndoo mbili, aliambiwa na shule yake kwamba asiyefundisha halipwi. Daladala zilizuiwa kusimamisha abiria. Jambo la afya, lakini lilimgharimu muda mrefu kituoni mtu anayewahi kibarua cha asubuhi. Na watoto walioshinda nyumbani walikula nyumbani. Kila mzazi aligundua mwaka ule kwamba mtoto huwa na njaa saa nne, saa saba, saa tisa na saa kumi na moja.

Ilipokaribia Ramadhani, mwishoni mwa Aprili, sukari ikapotea. Sababu zilikuwa nyingi: msimu wa masika ambao viwanda vya miwa husimama, shehena za nje zilizochelewa, na bila shaka mikono iliyoficha. Serikali ikatangaza bei elekezi, na huku mtaani kwetu kilo ikauzwa shilingi 4,000 kwa kunong'ona. Hapo, ndugu msomaji, ndipo nilipopata mtihani ambao sikuutarajia.

Kiroba changu nilikinunua kwa shilingi 62,500, yaani 2,500 kwa kilo, na kilikuwa karibu kijae. Ghafla nilikuwa mtu mwenye akili. Nilimwambia mama watoto, kwa sauti ya mshindi, kwamba tukiuza kilo kumi na tano kwa 4,000 tutapata 60,000 na pango litapungua deni. Nilikwisha piga hesabu kwenye kipande cha karatasi.

Aliitazama karatasi. "Baba watoto, mama mkwe wangu angekuwa hai ungemwonyesha hesabu hii?"

Sikujibu. Yeye akaendelea, akiwa anakunja nguo za watoto wala hakunitazama: "Mwalimu hapo jirani ana watoto wanne na anafunga. Mimi nitawauzia jirani kwa bei uliyonunulia. Hasara hatupati. Faida ya mwezi huu tuiache."

Aliuza hivyo hivyo, kilo mojamoja, kwa shilingi 2,500, na kwa mwalimu alipima kilo mbili na kuandika kwenye daftari. Daftari hilo ndilo ninalotaka kulieleza, kwa kuwa lilikuja kuwa na faida kuliko kila kitu nilichokileta na bajaji.

DAFTARI LA MAMA WATOTO

Lilikuwa daftari la shule, la kurasa 48. Mwanzoni aliandika mikopo ya sukari. Kisha akaanza kuandika kila kitu kilichonunuliwa nyumbani, na pembeni yake saa kilipoamuliwa. Si saa ya kununua, bali saa ya kuamua. Sikuelewa maana yake mpaka mwezi ulipokwisha, tukakaa na kusoma. Karibu manunuzi yote tuliyoyajutia yaliamuliwa baada ya saa tatu ya usiku, baada ya kusikiliza habari, au baada ya kupigiwa simu ya msiba. Tukawekeana sharti: kitu kisicho cha kupika leo, hakiamuliwi usiku. Kikiwa bado kinatakiwa asubuhi, kinunuliwe bila ugomvi. Vingi havikutakiwa asubuhi.

Sharti la pili lilikuwa la kuambiana. Mwanamume aliyezoea kuleta huona aibu kusema "naogopa". Ni rahisi zaidi kwake kusema "nimenunua". Nilichofanya ile jioni ya kwanza kilikuwa namna ya kusema naogopa kwa gharama ya shilingi 208,500. Lau ningelisema kwa mdomo, tungepanga pamoja. Tungenunua unga wa wiki mbili na sabuni, tungegawana kiroba cha sukari na nyumba tatu, na akiba ya pango isingeguswa. Baadaye ndivyo tulivyofanya: nyumba nne zilichanga, mtu mmoja akaenda duka la jumla, mafuta yakagawanywa uani kwa kibaba kimoja. Bei ya jumla ikawafikia hata wale wanaonunua kwa siku. Chombo cha kupimia kilikaa kwa mwalimu, maana hakuna aliyethubutu kubishana na hesabu zake.

Jambo la tatu lilituchelewa, nalo ni la majonzi. Hofu ilipozoeleka, mwaka 2021, ndipo ilipokuja ile huzuni ya Waitaliano niliyoitaja. Tulikwisha zika. Kila ukoo una jina lake la mwaka ule. Watu waliokuwa wamebana hata ya vocha wakaanza kutumia kwa namna ya ajabu: bia za kila jioni, mikeka ya kubashiri mpira, simu mpya kwa mkopo, makochi. Mikopo ya kwenye simu, inayotolewa kwa dakika moja bila kuulizwa kitu, iliwafaa sana watu wasiotaka kuulizwa kitu. Rafiki yangu mmoja, aliyempoteza kaka yake mwezi wa Februari, alinunua redio kubwa yenye taa zinazowaka rangi rangi, na ndani ya wiki akawa anadaiwa sehemu tatu. Nilipomtembelea alikuwa ameiwasha kwa sauti ya juu, amekaa mbele yake, hasikilizi. Sikumwambia neno juu ya fedha. Siku ile halikuwa suala la fedha.

Katika nchi zilizofungiwa ndani kabisa mambo yalikwenda kwa mkondo mwingine. Wamarekani, mwezi wa Aprili 2020, waliweka akiba kiasi cha theluthi moja ya kipato chao kilichobaki baada ya kodi, kwa sababu maduka yalifungwa na serikali yao iliwapelekea fedha. Milango ilipofunguliwa wengi walinunua kama wanaolipiza kisasi, na Wachina ndivyo hasa walivyouita ununuzi huo: wa kisasi. Sisi hatukufungiwa, wala hatukupelekewa fedha, hivyo hatukuwa na cha kulipizia kisasi isipokuwa mshahara wa mwezi ujao.

Tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba dharura ya korona imekwisha. Habari hiyo niliisikia nikiwa tena katika daladala, na safari hii abiria walikuwa wamesimama hadi mlangoni, wanakohoa bila kujieleza. Nyumbani tulifungua kabati la chini. Tulikuta chupa moja ya kitakasa mikono, imekauka nusu, na barakoa tisa zilizogeuka rangi. Mama watoto alizitupa.

Pango lilikuwa limekwisha lipwa siku nyingi. Mama mwenye nyumba alikubali miezi mitatu mitatu kwa mwaka ule wa 2020, baada ya mama watoto kumpelekea daftari na kumwonyesha palipo na aibu yangu, ukurasa wa kwanza, kwa wino mwekundu. Tangu siku hiyo mama mwenye nyumba akinikuta nimebeba mfuko hunisalimu kwanza, halafu huuliza kwa heshima kama kuna habari yoyote redioni.

Ndani ya kabati lile, nyuma kabisa, ilikuwamo pia miche miwili ya marehemu mama. Binti yetu mdogo aliitoa, akaigonganisha, akauliza kama bado inatoa povu. Tulimpa beseni la maji ajaribu.